Viwavijeshi Wawili: Jina Moja, Tabia Mbili



Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya usafi wa visima, lakini jambo lililotokea katika chuo chetu hapa Gairo limetulazimisha kuyaahirisha. Alasiri moja, watoto walipokuwa wakikaa juu ya mikeka, kijana mmoja wa miaka kumi na mitatu alikuja na kopo la maziwa lililofungwa kitambaa mdomoni. Ndani mlikuwamo viwavi saba aliowaokota katika mihindi ya mama yake. Akatuuliza, "Mwalimu, hawa ndio wale anaowasimulia babu, au ndio wale waliokula shamba letu mwaka ule mama alipouza mbuzi?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile lilitugusa penye kidonda. Nasi twataka kukieleza kidonda hicho hapa, ili wengine wasikipate.

Wazee wa Gairo wawajua viwavijeshi tangu zamani. Sisi wenyewe, tulipokuwa wadogo, na Gairo ilipokuwa ingali sehemu ya wilaya ya Kilosa kabla ya kufanywa wilaya yake yenyewe mwaka 2012, tuliwaona kwa macho yetu. Mvua za kwanza zimenyesha, majani yamechipua mabondeni, watu wamekwisha panda. Siku moja asubuhi mtu huamka akaona kilima chatembea. Viwavi weusi kama mahameli, maelfu kwa maelfu, wote wa kimo kimoja, wameelekea upande mmoja. Wakimaliza shamba la huyu huingia la yule, na barabara kubwa iendayo Dodoma huivuka kama askari. Baada ya siku chache hutoweka wote pamoja. Wazee wetu walikuwa wakisema, "Subirini wapite, kisha pandeni tena." Watu walipanda tena, na mara nyingi mbegu ya pili ilisalimika. Hiyo ndiyo elimu tuliyorithi, na kwa mdudu yule ilikuwa na ukweli ndani yake.

Basi katika msimu wa mvua ulioanza mwishoni mwa mwaka 2017, watu walitujia wakasema kwamba viwavijeshi wameingia katika mahindi. Wengine walisema kuwa ni adhabu, wakakumbusha kisa cha Firauni na nzige. Wengine walitaka tuwaandikie kombe wakanyunyize shambani. Tuliwakataza mambo hayo mawili, na katika hilo hatujuti. Lakini badala ya kwenda shambani tukatazame, tulikaa pale pale barazani tukatoa fatwa ya kilimo. Tulisema, "Hawa twawajua. Watakula, watazama ardhini, watakwenda zao. Nunueni mbegu nyingine, mpande tena." Mjane mmoja, jirani yetu, aliuza mbuzi wake akanunua mbegu kwa kulitegemea neno letu. Mbegu ile iliota, ikafika magotini, ikaliwa moyo. Huyo ndiye mama wa kijana mwenye kopo.

Hatukusema uwongo kwa makusudi. Lakini mtu asemaye asilolijua, na watu humwamini, madhara yake ni sawa. Baadaye tulikwenda kwa Bwana Shamba, tukaketi mbele yake kama wanafunzi wetu waketivyo mbele yetu. Yafuatayo ni yale tuliyofundishwa, na mengine tumeyahakikisha wenyewe shambani.

UKOO WAO

Viwavijeshi hawa wawili ni watoto wa ukoo mmoja. Wataalamu huuita ukoo wao Spodoptera. Yule wa kwetu Afrika ni Spodoptera exempta, na yule mgeni ni Spodoptera frugiperda, ambaye siku hizi huitwa kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Habari zake katika bara letu zilitangazwa kwanza mwanzoni mwa mwaka 2016, huko Afrika Magharibi. Mwaka 2017 alikuwa amekwisha ingia Tanzania, na mwaka 2018 alikuwa ameonekana mpaka Bara Hindi. Kwa mdudu mwenye mabawa madogo, huo ni mwendo wa ajabu.

Wote wawili hupita katika hali nne: yai, kiwavi, pupa, kisha nondo. Nondo mwenyewe hali mahindi. Hunywa utamu wa maua, huruka usiku, huishi kadiri ya siku kumi au zaidi kidogo. Anayekula ni mtoto wake. Kiwavi huyo hujivua ngozi mara kadhaa, akapita katika rika sita. Katika rika za mwanzo ni mwembamba kama uzi, na alacho ni kidogo; katika rika mbili za mwisho ndipo alapo sehemu kubwa kabisa ya chakula chake chote. Yafaa msomaji alishike sana jambo hili. Shamba likionekana limeharibika, mla shamba amekwisha kuwa mkubwa, na dawa nayo imekwisha chelewa.

Mpaka hapa ndugu hawa wafanana. Sasa tutazame watofautianapo.

KIWAVIJESHI WA KWETU

Huyu ni mtoto wa mvua na upepo. Wakati wa kiangazi husalia wachache wachache penye majani mabichi, kama upande wa pwani na sehemu nyingine zenye unyevu, wala hapana anayewatambua. Mvua za mwanzo zinapoanza, nondo hupaa usiku, upepo huwachukua mbali, hata mamia ya kilomita. Pepo zikutanapo penye mawingu ya mvua, nondo waliotawanyika huletwa pamoja na kushushwa mahali pamoja. Ndiyo maana nchi za katikati ya Tanzania, ambako upande wetu huu na Dodoma umo, hupatwa mapema kuliko nchi nyingine nyingi. Na mwaka wa mvua baada ya ukame ndio wa kuogopwa zaidi.

Nondo jike hutaga mayai yake mafungu mafungu, akayafunika kwa manyoya meusi ya tumbo lake. Katika maisha yake aweza kutaga yapata elfu moja. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili mpaka tano. Kwa kuwa nondo wengi wameshuka katika usiku ule ule, watoto wao wote huwa wa rika moja. Kiwavi huishi yapata majuma mawili mpaka matatu, kisha huzama katika udongo kina cha sentimita chache, akawa pupa kwa muda wa siku saba mpaka kumi au zaidi kidogo. Atokapo ni nondo, naye hupaa na upepo akaenda nchi nyingine.

Lina ajabu yake jambo moja. Kiwavi huyu akilelewa peke yake huwa na rangi ya majani au ya udongo, mpole, mzito wa mwendo, hujificha. Lakini wakizaliwa wengi wakasongamana, hubadilika wakawa weusi, wepesi, wenye kutembea mchana kwa pamoja. Ni mdudu yule yule, wa mama yule yule; msongamano ndio uliombadilisha. Zamani watu walidhani kuwa ni wadudu wawili mbalimbali.

Chakula chake ni jamii ya nyasi tu: malisho ya ng'ombe, mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga. Maharage hayagusi, wala alizeti.

KIWAVIJESHI VAMIZI

Huyu naye aweza kuruka mbali, maana ndivyo alivyoenea Afrika nzima. Lakini apatapo mahindi hana haja ya kuondoka. Jike hutaga mafungu ya mayai mia moja mpaka mia mbili, akayafunika kwa vumbi la magamba yenye rangi ya kijivu. Katika maisha yake aweza kutaga elfu moja na mia tano, au hata elfu mbili. Penye joto huanguliwa baada ya siku mbili au tatu.

Wadogo hukwangua jani upande mmoja, wakaacha ngozi nyembamba ipitishayo mwanga kama dirisha. Halafu huingia katika moyo wa mhindi, ambamo majani machanga yamejikunja, wakajifungia humo. Kinyesi chao, kama unga wa mbao iliyopasuliwa kwa msumeno, huziba mlango. Mvua haiwapati, ndege hamwoni, na dawa iliyonyunyizwa juu ya majani haiwafikii. Mhindi ukizaa, huingia hata katika bunzi.

Naye ana tabia ambayo mwenzake hana kwa kiasi hicho: akikua hula ndugu zake. Ndiyo sababu mara nyingi katika moyo wa mhindi mmoja humkuta mmoja tu aliyenenepa, au wawili. Tulipopata kopo la yule kijana tulitia humo jani la mhindi, tukalifunga, tukawaambia watoto tungojee mpaka kesho. Siku ya pili tulifungua mbele ya darasa. Viwavi saba walikuwa wamebaki watatu. Watoto hawakucheka tena. Na swali la kijana lilikuwa limekaribia kujibiwa.

Chakula chake apendacho ni mahindi, lakini wataalamu wamehesabu aina zaidi ya mia tatu na hamsini za mimea awezayo kula. Kwa hiyo mahindi yakivunwa huhamia mtama, mboga, au mahindi ya mabondeni yanayomwagiliwa maji wakati wa kiangazi. Hana msimu wa kutuaga.

Muda wa maisha yake hutegemea joto. Penye joto, kama kule chini Kilosa, kutoka yai mpaka nondo huchukua yapata mwezi mmoja. Penye baridi, kama katika milima ya Ukaguru upande wa Mandege, muda huo hurefuka sana. Pupa peke yake, ambaye bondeni hukaa ardhini siku nane au tisa, penye baridi aweza kukaa siku ishirini mpaka thelathini. Basi mkulima wa mlimani asihesabu siku za mkulima wa bondeni.

TOFAUTI ILIYOTUANGUSHA

Hapa ndipo tulipokosea. Wa kwetu ni kama jeshi: rika moja, safari moja, na mwisho mmoja. Vamizi ni kama kijiji: mna wazee, mna vijana, mna watoto wachanga, na wengine wangali mayai. Jeshi likipita, mbegu ya pili yaweza kusalimika. Kijiji hakipiti. Mwenye kupanda tena katikati ya kijiji hicho hupeleka chakula kichanga kwa watoto waliozaliwa jana. Mbuzi wa yule mama alikwenda huko.

Mtu atawatambuaje? Wengi husema, tazama alama nyeupe kama Y iliyopinduliwa juu ya kichwa. Ni kweli vamizi anayo, tena iliyo dhahiri. Lakini wa kwetu pia huweza kuwa na mstari wa namna hiyo ulio hafifu. Wala rangi haitoshi, kwa kuwa vamizi naye wakisongamana huweza kuwa weusi. Alama iliyo bora iko mkiani: kwenye pingili iliyo karibu na ya mwisho, vamizi ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Watoto wa darasa letu waliyaona bila miwani. Sisi ilitubidi kuazima.

Na tusimsahau mwingine, funza wa mabua. Huyu naye ni mtoto wa nondo, naye hukwangua majani machanga kisha akatoboa bua na kuishi ndani yake, hata moyo wa mhindi ukakauka. Ukiuvuta watoka mkononi. Wako wa aina kadhaa. Busseola fusca ni wa Afrika, apenda zaidi nchi za juu. Huficha mayai yake baina ya ala ya jani na bua. Chilo partellus apenda zaidi nchi za chini. Hutaga juu ya jani, mayai yamepangika kama magamba ya samaki. Hao wote wawili waweza kulala wakati wa kiangazi ndani ya mabua makavu wakingoja mvua, jambo ambalo viwavijeshi wetu wawili hawalifanyi. Kwa hiyo mabua ya mwaka jana yasiachwe yakisimama shambani mpaka msimu mpya. Na huyo Chilo naye alikuwa mgeni: alitoka Asia, akaonekana Afrika katika miaka ya 1930. Leo mkulima humdhani mwenyeji. Mgeni akaaye mwisho hupewa jembe, husema watu wetu. Huyu hakushika jembe, amebaki mezani tu. Basi na tusidhani kwamba vamizi ataondoka kwa sababu tumemchoka.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Kwa wa kwetu, dawa ya kwanza ni habari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji vya Kilosa, wanakijiji wenyewe walifundishwa kutumia mtego wenye harufu ya nondo jike, ambao huwavuta madume, pamoja na chombo cha kupimia mvua. Nondo wakizidi na mvua ikinyesha, kijiji huonywa kabla viwavi hawajaonekana. Hapo kazi ni ya wote kwa pamoja, tena ya siku chache.

Kwa vamizi, kazi ni ya kila nyumba na ya msimu mzima:

(a) Mahindi yapandwe mapema, na majirani wapande kwa wakati mmoja, ili wadudu wasihame kutoka shamba lililokomaa kwenda lililo changa.

(b) Tangu mche uchipue, shamba litembelewe mara mbili kila juma. Mafungu ya mayai yapondwe kwa vidole, na viwavi wadogo watolewe. Hii ni kazi ambayo vijana waiweza kuliko sisi, maana wana macho.

(c) Mahindi yachanganywe na maharage au kunde. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, wameonyesha kuwa kupanda desmodiamu baina ya mistari ya mahindi, na nyasi maalumu pembeni, hupunguza sana funza wa mabua na vamizi pia.

(d) Siafu, ndege, na nyigu wale wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo ni wasaidizi wetu. Anyunyizaye dawa ovyo huwaua hao kwanza.

(e) Ikilazimu dawa, iwe ile aliyoielekeza Bwana Shamba, kwa kipimo chake, wakati viwavi wangali wadogo, asubuhi mapema au jioni, nayo ifike katika moyo wa mhindi. Na enyi akina mama, chupa ya dawa ikiisha isiwekwe maji, wala mafuta, wala maziwa ya mtoto, hata ikioshwa mara saba. Mahindi hupandwa tena, mtoto hapandwi.

Ndugu wasomaji, tumejifunza kwamba kutegemea rehema ya Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kuinama akatazama chini ya jani. Tumejifunza pia kwamba elimu ya wazee ni amana. Lakini amana hutunzwa kwa kuchunguzwa, si kwa kurudiwa tu kwa mdomo. Wazee walisema kweli juu ya mdudu waliyemwona. Sisi tuliichukua kweli hiyo tukamvisha mdudu wasiyemwona.

Yule kijana tulimrudishia kopo lake na jibu: ni wale waliokula shamba mwaka ule, si wale wa babu. Kisha jioni tulifuatana naye mpaka kwa mama yake. Tulimwomba radhi mwaka ule, tukamwomba tena mbele ya mwanawe. Akasema, "Mwalimu, yale yamekwisha. Njoo unionyeshe hayo madoa manne." Tukaingia shambani watu watatu, tukatembea mstari kwa mstari mpaka adhana ya magharibi. Mahindi yalikuwa na majani sita tu. Mafungu ya mayai tuliyoyaponda yalikuwa kumi na moja.

MASWALI KWA VIJANA

1. Kwa nini mbegu ya pili yaweza kusalimika baada ya kiwavijeshi wa kwetu kupita, na haisalimiki kwa vamizi?
2. Ni alama gani iliyo bora ya kumtambua vamizi, na iko wapi?
3. Funza wa mabua hukaa wapi wakati wa kiangazi?
4. Mkulima wa Mandege na mkulima wa Kilosa mjini, ni yupi ambaye pupa wake hukaa ardhini siku nyingi zaidi, na kwa sababu gani?

Wazazi wawasaidie watoto kujibu, na lililo bora zaidi, wajibu wakiwa shambani. Mwezi ujao, Insha Allah, tutarudi kwenye visima vyetu.

Wabillahi tawfiq.